Somo: Kuunda Cessna 172 kwa karatasi ya manila, skeli ya 1:33

Hii si ile ndege ya kukunja na kurusha. Hii ni modeli ya kuweka kabatini, yenye mbavu ndani ya kiwiliwili (vipande vya kadibodi vinavyoshikilia umbo lake), madirisha yanayopitisha mwanga na propela inayozunguka. Nimeichagua Cessna 172 kwa sababu kiwiliwili chake kina pande nyingi bapa, na bawa likiwa juu ya paa unaliunda peke yake kisha unalibandika mwishoni. Ndege halisi ina mita 11 kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine. Kwa skeli ya 1:33, ambayo ndiyo imezoeleka kwenye ndege za karatasi, unapata kama sentimita 33, na urefu wa sentimita 25 hivi.

Kabla ya kuchapa mchoro wa vipande, jua unaunda ya mwaka gani. Zilizoanza kuuzwa 1956 zilikuwa na mkia wa wima uliosimama. Mwaka 1960 ukalazwa nyuma. Dirisha la nyuma lilikuja na toleo la 1963, na miguu ya chuma bapa ikabadilishwa kuwa ya mviringo kwenye toleo la 1971. Ukichanganya picha za miaka tofauti utajikuta una ndege ambayo haikuwahi kuwepo, na anayezijua ataliona hilo kabla hajakusalimia.

Karatasi na uchapaji

Kwa ngozi ya ndege tumia manila ya gramu 160 hadi 200. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 inanyong'onyea ikiguswa na gundi, na iliyozidi 200 inavunjika badala ya kupinda. Kurasa za mbavu zibandike juu ya kadibodi ya milimita 1, uziweke chini ya vitabu vizito hadi zikauke kabisa, ndipo ukate.

Chapa kwa asilimia 100. Zima ile amri ya kutosheleza ukurasa, halafu pima kwa rula mstari wa kipimo uliopo kwenye mchoro. Kama printa yako ni ya wino wa maji, pulizia vanishi isiyong'aa na uache ikauke, la sivyo kidole chenye gundi kitaondoka na rangi.

Jambo moja linalosahaulika: karatasi ina nyuzi. Ipinde taratibu kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuivunja. Inakokubali kwa wepesi, mpindo unafuata nyuzi. Vipande vya kuviringa, hasa pua na sehemu nyembamba ya nyuma, vipange ukurasani ili nyuzi zilale kwa urefu wa bomba.

Kukwaruza, kukata, kupaka ukingo

Kwaruza mistari yote ya kukunja kabla hujakata chochote, wakati rula bado ina pa kukaa. Kalamu iliyokwisha wino inatosha. Kisha kata matundu ya ndani, yaani madirisha na nafasi za mbavu, ndipo ufuate mzingo wa nje. Wembe uwe mpya, na upite mara mbili au tatu kwa mkono mwepesi. Kwenye kona za mviringo zungusha karatasi, usizungushe mkono.

Ukingo mweupe ndio unaoitangaza modeli kuwa ni karatasi. Upake kwa penseli ya rangi au brashi karibu kavu, ukianzia upande wa nyuma ili rangi isivuke mbele.

Kuumba

Hapa ndipo kazi ilipo. Modeli nyingi mbaya zimekatwa vizuri tu. Tatizo ni kwamba mtu alichukua kipande bapa akategemea gundi ikilazimishe kupinda. Gundi kazi yake ni kushika. Umbo linatoka kwenye vidole.

Laza kipande kifudifudi juu ya kitu laini, kwa mfano sponji bapa. Chukua kitu cha mviringo, kama mpini wa brashi nene, ukiviringishe mbele na nyuma huku ukikandamiza kidogo. Karatasi itaanza kujikunja yenyewe. Badilisha, tumia chembamba zaidi, kisha chembamba zaidi. Usiharakishe kwa kukunja na vidole peke yake, kwani utaacha mikunjo midogo isiyofutika. Jaribio ni rahisi: kiache mezani. Kikibaki na umbo lake bila kushikwa, kiko tayari kwa gundi. Kikifunguka, rudia.

Mbavu na kiwiliwili

Ingiza kila ubavu bila gundi kwanza. Unatakiwa uingie bila kusukumwa. Ukigoma, upitishe kwenye msasa laini, ujaribu tena. Ubavu mkubwa kwa nusu milimita tu unatosha kuifanya ndege ionekane kama ng'ombe wakati wa ukame.

Anza na chumba cha abiria, kisha endelea mbele na nyuma. Ukianzia puani, kila kosa dogo linahamia kwenye kipande kinachofuata, na mkia unaishia umepinda. Kiungio cha kila kipande kikae chini ya tumbo. Gundi nyeupe iwe chache, paka kwa kijiti cha meno, subiri ianze kunata ndipo ubane. Ikichuruzika, umeweka nyingi.

Kabla ya kufunga pua, weka uzito ndani: kokoto ndogo au nati zilizoshikwa na gundi. Cessna hii ina gurudumu la mbele, na modeli ya karatasi isiyo na uzito puani hukalia mkia.

Bawa na vilivyobaki

Ukingo wa mbele wa bawa usikunjwe kwa ukucha. Uviringe, maana hewa haikati kona. Ingiza mhimili wa kadibodi, kisha bandika ukingo wa nyuma bawa likiwa limelazwa juu ya ubao ulionyooka kabisa, na uzito juu yake hadi likauke. Bawa lililokauka likiwa limejipinda halirekebishiki, kata jingine.

Ukilibandika kwenye paa, pima kutoka kila ncha hadi mezani. Vipimo vikilingana, ndipo uweke zile nguzo mbili za kushikilia bawa, moja kila upande. Nguzo zisitumike kuvuta bawa mahali pake.

Mkia, magurudumu na propela havina siri kubwa. Magurudumu ni visahani kadhaa vya kadibodi vilivyobandikwa pamoja na kupigwa msasa. Propela ikae kwenye pini, na kila jani lipindwe kidogo.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Nilibandika plastiki ya madirisha kwa supagluu, kesho yake ikawa na ukungu mweupe. Naifuta na nini?

Marahaba. Huo ni mvuke wa gundi uliotua kwenye plastiki, na kuufuta kunaleta mikwaruzo. Badilisha plastiki kama bado unaifikia, kisha tumia gundi nyeupe. Ikikauka inakuwa angavu.

Nina nafasi ndogo. Naweza kuipunguza iwe 1:48?

Unaweza. Gawa 33 kwa 48, unapata karibu asilimia 69. Chapa kwa kiwango hicho. Ila kadibodi haipungui pamoja na mchoro. Nafasi za mbavu zitakuwa nyembamba, kwa hiyo tumia kadibodi ya milimita 0.7 badala ya 1.

Kaka, tumbo langu halifungi. Kuna mwanya wa kama milimita moja. Nivute?

Usivute, utapinda kiwiliwili chote. Toa ubavu ulio karibu na mwanya, uupige msasa kuzunguka pande zote, urudishe bila gundi. Mara nyingi mwanya unajifunga wenyewe.

Nilichapisha kwa printa ya leza. Rangi haitoki kwa maji, lakini kwenye mikunjo inabanduka.

Ndivyo ilivyo, ule unga unakaa juu ya karatasi. Kwaruza upande wa nyuma badala ya mbele, kunja polepole, na palipobanduka gusa kwa penseli ya rangi hiyohiyo.

Nimesoma kuhusu uzito nikiwa nimeshafunga pua, dada yangu ananicheka, ndege imekalia mkia. Ndiyo basi?

Hapana. Kuna matundu mawili ya hewa kando ya propela. Yatoboe kwa ncha ya wembe, geuza pua juu, dondosha vipande vidogo vya chuma kimoja kimoja huku ukijaribu kuisimamisha kwa magurudumu yake. Ikisimama, ongeza viwili vya akiba, tia matone ya gundi nyeupe, kisha iegemeze pua ikiwa chini hadi kesho. Usitie gundi nyingi, maji yake yatalainisha pua kutoka ndani.