Dozi ya ARV kwa mtoto na kijana: anza na mzani, kisha soma chupa

Mwongozo huu ni wa muuguzi, tabibu au mfamasia aliyepangiwa siku ya watoto CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU) kwa mara ya kwanza. Mlezi akiusoma, asibadilishe dozi nyumbani. Maswali ayapeleke kliniki. Dozi zilizomo ni za mtoto aliyetimiza wiki 4 na kufikisha kilo 3. Kichanga wa chini ya hapo ana jedwali lake, wala dozi yake haipatikani kwa kugawanya hizi.

Hatua ya 1: Pima leo

Mzani usome sifuri, viatu na sweta vivuliwe, mtoto mchanga apimwe bila nepi. Usinakili uzito wa hudhurio lililopita. Umri usikusumbue: binti wa miaka 13 mwenye kilo 24 anapewa dozi ya kilo 24.

Mtoto mchanga anayekaribia kuvuka kundi la uzito usimpe dawa za miezi 3. Chukua mwenye kilo 5.8. Leo anastahili nusu kidonge cha dolutegraviri (DTG) ya watoto. Akigusa kilo 6 anahitaji kimoja na nusu, yaani mara tatu ya alichokuwa akinywa. Ukimpa tarehe ya mbali, atakunywa dozi pungufu kwa wiki nyingi na virusi havitafubaa.

Hatua ya 2: Tafuta kundi lake

Makundi ni kilo 3–5.9, 6–9.9, 10–13.9, 14–19.9 na 20–24.9, kisha 25 na kuendelea. Kilo 9.9 si 10.

Hatua ya 3: Soma chupa kabla ya kuhesabu vidonge

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, kwa hiyo twende taratibu.

DTG ya watoto ya miligramu 10, ile ya kuyeyusha kwenye maji, hunywewa mara moja kwa siku: nusu, kimoja na nusu, viwili, viwili na nusu, kwa makundi manne ya kwanza. Abakaviri na lamivudini ya miligramu 120/60 huenda nayo: kimoja, kimoja na nusu, viwili, viwili na nusu, na vitatu kwa kilo 20–24.9. Angalia kundi la kwanza: DTG ni nusu lakini mwenzake ni kimoja kizima. Ukiandika "nusu nusu" umekosea.

Kuna pia tatu-kwa-moja ya watoto, pALD, yenye abakaviri 60, DTG 5 na lamivudini 30. Kuanzia kilo 6 ni vidonge 3, kisha 4, 5, na 6 kwa kilo 20–24.9. Ikiwepo stoo, mimi humpa mtoto hii bila kusita: chupa moja, hakuna kukata kidonge, mlezi hachanganyi.

Sasa mtego wenyewe. Watoto wawili wa kilo 22: mmoja anakunywa pALD 6, yaani DTG miligramu 30, mwingine anameza kidonge kimoja cha mkubwa cha miligramu 50. Wote wawili wako sahihi. DTG ya kuyeyusha hufyonzwa mwilini vizuri zaidi, hivyo 30 ya kuyeyusha inakaribiana na 50 ya kumeza. Kwa sababu hiyo usikate kidonge cha 50 kumpa mtoto wa kilo 14 pale DTG ya watoto inapoisha stoo, wala usijumlishe vidonge vitano vya 10 ili kupata 50. Utafiti wa ODYSSEY, uliohusisha pia watoto wa Uganda, ulionyesha kuwa kidonge cha kumeza cha 50 kinafaa kuanzia kilo 20.

Mtego wa pili: dawa hizi hazihamii kwenye kidonge cha mkubwa kwa uzito mmoja. DTG huhamia kwenye kilo 20, abakaviri na lamivudini kwenye 25. Mtoto wa kilo 20–24.9 asiyetumia pALD hubeba kidonge kimoja cha mkubwa na vitatu vya kuyeyusha. Andika kila dawa kwenye bahasha yake. Akifika kilo 25 anapewa abakaviri na lamivudini ya 600/300, kimoja, pamoja na DTG 50. Akifika kilo 30, na figo zikiwa salama, TLD (tenofoviri, lamivudini na DTG kwa pamoja) kidonge kimoja.

Unapomhamishia pALD, mwambie mlezi arudishe mabaki ya chupa za zamani. Zikibaki kabatini, mtoto atakunywa zote.

Hatua ya 4: Uliza kuhusu TB

Rifampisini, dawa ya TB, hushusha DTG mwilini. DTG ileile itolewe mara mbili kwa siku, kila saa 12, hadi wiki 2 baada ya rifampisini kwisha. Anayetumia pALD, dozi ya pili itoke kwenye DTG pekee. Ukirudia pALD umeongeza na abakaviri. Kijana wa TLD anaongezewa DTG 50 jioni.

Hatua ya 5: Mlezi ayeyushe mbele yako

Maji safi mililita 10 kwa DTG, 15 kwa pALD tatu, 20 kwa nne na zaidi. Vidonge visitafunwe wala kusagwa. Mtoto amalize ndani ya dakika 30, kisha kikombe kisuuzwe kwa maji kidogo naye anywe, maana dawa hubaki chini. Akitapika ndani ya dakika 30, rudia.

Uliza kama amepewa zinki ya kuharisha au dawa ya kuongeza damu mahali pengine. Mara nyingi hawasemi. DTG inywewe saa 2 kabla au saa 6 baada ya hizo.

Hatua ya 6: Wingi wa virusi ukiwa juu

Kabla ya kugusa dawa, panga uzito wa kila hudhurio pembeni ya idadi ya vidonge alivyopewa siku hiyo. Kijana muulize peke yake, mlezi akisubiri nje, hasa kama anakaa bweni: anaficha wapi dawa, na anainywa saa ngapi.