Namna ya kumsimulia mgeni habari za jeshi la Sultani

Wadogo zangu mnaoanza kutembeza wageni Mji Mkongwe, nawaomba jambo moja: mkifika mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la zamani la Sultani, msianze na zile dakika 38 za vita vya Waingereza na Unguja. Mgeni keshazisikia. "Vita vifupi kuliko vyote duniani," atacheka, atapiga picha, mtaondoka. Asubuhi ile ya tarehe 27 Agosti 1896 watu wapatao 500 upande wa Seyyid Khalid, aliyekuwa amekalia kiti cha Usultani, waliuawa au kujeruhiwa. Si habari ya kuchekea.

Anza na 1877. Mkalishe mgeni kivulini pale Forodhani umweleze habari za Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja wakati ule. Mwaka 1873 Waingereza walimbana mpaka akatia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Mkataba bila wa kuusimamia ni karatasi tu, na askari wake wa zamani walikuwa Mabulushi na Waarabu wa kukodiwa. Ndipo akamtwaa Lloyd Mathews, luteni wa manowari ya Kiingereza, amfundishie jeshi jipya. Walianza na watu 300, wengi wao Waafrika; kufika 1880 askari wa kudumu walikuwa 1,300.

Hapa usiwe na haraka. Mimi humuuliza mgeni: mshahara wa nani? Wa Sultani. Bunduki je? Serikali ya Uingereza ilileta Snider 500. Na amri ya gwaride inatoka kinywani mwa nani? Mwa Mathews. Nyamaza kidogo, yamwingie.

Ya katikati yapitie mbiombio: 1886 Wazungu wanamkatia Sultani bara yake, 1890 Unguja inawekwa chini ya ulinzi wa Uingereza, 1891 Mathews anakuwa waziri mkuu.

Sasa nyanyukeni, mfuate barabara ya Mizingani, bahari kushoto. Baada ya Beit al-Ajaib muoneshe uwazi palipokuwa na Beit al-Hukum, iliyobomolewa kwa mizinga. Mwambie kwamba Sultani Seyyid Hamad alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid akaingia kasri siku ile ile bila ridhaa ya Waingereza. Ndani alikusanya watu kama 2,800: walinzi wa kasri, watumishi, raia. Nje, upande wa Waingereza, walisimama askari 900 wa Kizanzibari chini ya Raikes, ofisa wa Kiingereza. Khalid alikuwa mtoto wa Barghash. Jeshi aliloliasisi baba limegawika, na bunduki za wale wa nje zimemwelekea mwana. Hili liseme polepole, kwa sababu jeshi la Sultani lilianguka hapa, kabla manowari hazijafyatua hata kombora moja. Msichana mmoja wa shule kutoka Wete aliniuliza: "Hao 900, usiku ule walirudi nyumbani wakasema nini?" Tangu siku hiyo kila mgeni namwachia swali lake.

Kisha mgeuze atazame bahari. Glasgow, meli ya Sultani, ilizamishwa hapo, na milingoti yake ilibaki miaka mingi imechomoza juu ya maji.

Malizia na Khalid. Alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, na nje walinzi walimngoja atie mguu katika ardhi ya Unguja wamkamate. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa, mashua ya Kijerumani ilisogea mpaka kwenye lango la bustani. Akapanda moja kwa moja, akapelekwa Dar es Salaam.