Kabla ya Kuanza Uzamivu wa Sayansi ya Mazoezi na Lishe: Piga Hesabu Kwanza

Ukipata nafasi ya kusoma uzamivu katika sayansi ya mazoezi na lishe, usikimbilie kusaini. Data yako itatoka kwenye miili ya watu, na watu huugua, huhama, hubadilisha kazi, wengine huacha tu kupokea simu. Mengi yanayomkwamisha mwanafunzi mwaka wa tatu yalikuwa yanaonekana kabla hajaanza.

Ya wazi tuyamalize haraka. Ufadhili: upate kwa maandishi ni wa miaka mingapi, na nani analipia vitendanishi (kemikali za kupimia sampuli), mirija ya damu na nauli za washiriki. Msimamizi: zungumza na wanafunzi wake waliomaliza, na zaidi wale walioacha. Takwimu: anza kujifunza programu ya R sasa, usingoje data ije.

Sasa njoo kwenye kinachozamisha wengi: idadi ya washiriki. Tuseme unataka kujua kama kirutubisho cha protini kinaongeza nguvu za misuli. Kundi moja linakunywa protini, jingine kinywaji kinachofanana nacho kisicho na protini, na wote wanafanya mazoezi ya nguvu kwa wiki 12. Tofauti unayoitarajia ni ya wastani, yaani nusu ya mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi matokeo ya watu yanavyotawanyika kutoka kwenye wastani). Ili uwe na uwezekano wa asilimia 80 wa kuigundua, huku ukikubali asilimia 5 tu ya hatari ya kuona tofauti isiyokuwepo (kiwango cha 0.05), unahitaji watu 64 katika kila kundi. Hao ni watakaofika mwisho. Ikiwa mmoja kati ya watano ataacha njiani, lazima uanze na 160.

Endelea na hesabu, maana hapa ndipo wengi huishia. Kila mshiriki anakuja maabara mara tatu mwanzoni, mara moja kuzoea vifaa na mara mbili kupimwa, halafu 128 waliobaki wanarudi kwa kipimo cha mwisho. Jumla ni ziara 608. Vipimo vya kufunga kula hufanyika asubuhi tu, kwa hiyo ukipewa mashine siku tatu kwa wiki na ukapima watu wanne kwa siku, utahitaji takriban wiki 51, bila mashine kuharibika hata mara moja. Bado hujagusa vipindi vya mazoezi: mara tatu kwa wiki ni vipindi 36 kwa kila mtu, na mtu lazima awepo kuvisimamia.

Asiyepiga hesabu hii huishia na watu 10 kila kundi, kisha anaandika kwamba kirutubisho hakifanyi kazi. Hana haki ya kusema hivyo. Utafiti wake haukuwa na uwezo wa kuona chochote isipokuwa tofauti kubwa mno.

Njia za kujinusuru zipo. Kama swali lako linaruhusu, kila mtu apitie hali zote mbili kwa mpangilio wa nasibu. Kama matokeo ya mtu yuleyule katika hali hizo mbili yana uwiano (correlation, yaani kiasi yanavyokwenda pamoja) wa 0.5, tofauti ileile inahitaji watu 34 tu. Muundo huo unafaa kwa kafeini au kinywaji cha wanga, haufai kwa mazoezi ya wiki 12, kwa sababu mwili haurudi ulipokuwa kwa wakati. Hata kreatini, kirutubisho cha kuongeza nguvu, huchukua takriban wiki nne hadi sita kushuka ndani ya misuli baada ya mtu kuacha kuitumia. Wala usichukue ukubwa wa tofauti kutoka kwenye utafiti mmoja mdogo uliochapishwa. Mara nyingi ukubwa huo umetiwa chumvi.

Kabla ya kuajiri washiriki, jua makosa ya kipimo chako. Pima watu 10 au 15 mara mbili, siku tofauti, saa ileile. Kama kipimo cha nguvu kinayumba kwa asilimia 5 na unatarajia badiliko la asilimia 3, tafuta kipimo kingine. Mashine ya VO2max (kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia) irekebishwe kila siku ya kazi, kwa gesi ya mchanganyiko unaojulikana na bomba kubwa la sindano la lita 3 la kusukumia hewa. Kwenye DXA, mashine ya eksirei inayopima mafuta na misuli ya mwili, chakula na maji aliyokunywa mtu asubuhi vinahesabiwa kama tishu zisizo na mafuta, kwa hiyo apimwe akiwa hajala, baada ya kukojoa.

Shajara za chakula zina ugonjwa wao: watu huandika pungufu ya walichokula. Wape mizani ya jikoni, wafundishe kuitumia, na siku za kuandika ziwe na angalau moja ya wikendi.

Kibali cha maadili kipatikane na jaribio lisajiliwe kabla ya mshiriki wa kwanza. Ukibadilisha hata muda wa kutoa damu, unarudi kwenye kamati. Vipimo vya kufikisha mtu kikomo visifanyike bila kuchunguza moyo wake kwanza, wala bila mtu anayejua kufufua pumzi na mapigo.

Mengine ni uangalifu wa kila siku. Gawa kila sampuli katika mirija midogo kadhaa, maana kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara huziharibu, na uziweke kwenye friza mbili tofauti za nyuzi −80. Kubalianeni mapema kwa maandishi nani ataandikwa mwandishi wa kwanza. Hifadhi nakala za data kila jioni, na orodha inayounganisha majina na namba za washiriki ifungiwe mahali pengine kabisa.