Urea kwenye mpunga: iweke lini upate magunia na mchele mtamu

Watu wakisikia mbegu ya mpunga ya SARO 5 inazaa wanachowaza ni urea tu, wanamwaga mpaka jaruba (kipande cha shamba la mpunga chenye kingo za kuzuia maji) linakuwa kijani cha kukolea, jirani anapita anasifia, afu karibu na kuvuna mpunga wote umelala na mchele ukipikwa mgumu. Urea yenyewe haina ubaya jamani, shida ni muda wa kuiweka.

Hesabu kwanza. Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni kilo 23, wa DAP (mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosforasi) kilo 9, wa SA (salfeti ya amonia, yenye naitrojeni na salfa) kilo 10 na nusu. SARO 5 kwenye skimu ya umwagiliaji yenye maji ya uhakika, DAP mfuko mmoja na urea mfuko mmoja kwa ekari inatosha, hapo una kilo 32 za naitrojeni. Kama unalima mbegu ya Supa au zile mbegu ndefu za Kyela punguza urea nusu, mashina yake hayahimili mzigo na isitoshe mchele ule unauzwa kwa harufu.

DAP ichanganye na tope siku ya kusawazisha jaruba. Urea igawe mara mbili. Kilo 25 za kwanza wiki ya 2 au ya 3 baada ya kupandikiza, mpunga ukiwa unatoa machipukizi. Jaruba la mita 20 kwa 20 ni kama sehemu ya kumi ya ekari, kwahiyo kilo 2 na nusu, pima kwa mizani usikadirie kwa viganja.

Ya pili ndo wengi wanaikosea, wanangoja mpaka waone mimba (suke likiwa bado ndani ya shina) imevimba na hapo wameshachelewa. Ng'oa shina kubwa, lipasue kwa wembe kuanzia chini, ukikuta juu ya fundo la mwisho kitu cheupe chenye manyoya, milimita 1 au 2 hivi, hicho ni kishuke kinaanza, basi weka. Kwa SARO 5 ya siku kama 120 inaangukia siku ya 55 mpaka 60 tangu usie mbegu kitaluni. Ila angalia majani kwanza, kama bado yamekolea na yamelegea yanainama weka kilo 10 tu au acha kabisa, kwasababu ukiongeza hapo unakaribisha blasti (ugonjwa wa ukungu wa mpunga) na mpunga kulala. Yakianza kupauka weka zote 25. Na kama yanayopauka ni majani machanga ya juu huku ya chini yako kijani, hapo inawezekana ni salfa imepungua, tumia SA badala ya urea.

Usirushe kwenye maji mengi wala majani yakiwa na umande. Punguza maji yabaki kidogo sana, palilia kwanza magugu yasile mbolea yako, rusha, ikibidi kanyagia kwenye tope, ziba matoleo ya maji, afu rudisha maji baada ya siku 2 au 3. Urea ikikaa juu ya maji kwenye jua na upepo, naitrojeni nyingi inapotea hewani.

Mashuke yakishatoka usiguse tena urea, hata muuza mbolea akushawishi vipi. Naitrojeni ya wakati huo inaenda kuongeza protini kwenye punje, na protini ikizidi wanga haunyonyi maji vizuri ndo maana wali unakuwa mkavu mgumu. Kuanzia hapo kazi ni maji na ndege, na wiki 2 hivi kabla ya kuvuna toa maji yote.