Namna ya Kupima Uhitaji wa Mafundi Mjini Kwako Kabla ya Kuchagua Fani

Kila mwaka wazazi wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe huuza mahindi, viazi au miti ili kumlipia kijana ada ya ufundi, na mara nyingi fani huchaguliwa kwa kuangalia mafundi wanaoonekana barabarani. Kosa huanzia hapo, kwa sababu fundi anayeonekana kila kona ni yule ambaye wenzake wamekwisha kuwa wengi, ilhali fundi anayehitajika zaidi huwa hayupo, na pengo lake hulijua yule tu anayemsubiri. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha uhitaji ni muda wa kusubiri, nacho unaweza kukichukua mwenyewe kwa daftari na siku tatu au nne za kutembea.

Usianze kwa mafundi, anza kwa wanaowaita. Nenda kwa wenye mashine za kukoboa mpunga Mbarali na Kyela, wenye malori Mbalizi na Uyole, wasimamizi wa viwanda vya chai Mufindi na Rungwe, na wenye mashine za kupasua mbao Mafinga. Waamkie, jieleze kwamba unatafuta fani ya kusomea, kisha waulize mambo matatu: mtambo ulipoharibika mara ya mwisho ulisimama siku ngapi, fundi aliyeutengeneza alitoka wapi, na walimgharamia nini zaidi ya ufundi wenyewe. Mahali ambapo fundi hufika ndani ya saa moja, tena wakigombea watatu, soko limejaa. Ndivyo ilivyo katika miji mingi kwa wachomeleaji wa mageti na mafundi wa bodaboda. Mahali ambapo mwenye mtambo alilipa nauli na malazi ili fundi asafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, umekuta pengo, na gharama ile ya safari ndiyo inayokuonyesha thamani ya fundi ambaye angekuwa anaishi hapo hapo.

Chukua mfano wa mbao, kwa kuwa ndio unaoonyesha jambo hili waziwazi. Mufindi ina Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya Serikali nchini, na kuzunguka shamba hilo wako wakulima wengi wenye paini na mikaratusi yao. Mashine ndogo za kupasulia, zile tunazoziita dingdong, zina vijana wengi wa kusukuma magogo na kupanga mbao, wanaolipwa kwa siku na wanaoweza kuachishwa jioni hiyo hiyo. Anayekosekana ni mtu anayeujua msumeno: anayeweza kunoa meno kwa pembe sahihi, kuyapanua kwa kipimo kimoja kushoto na kulia, na kuunyoosha msumeno kwa nyundo pale unapopinda kwa joto. Msumeno usiotunzwa hutoa ubao mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, mnunuzi huukataa au huushusha bei, na sehemu ya gogo iliyokuwa iwe mbao huishia kuwa pumba. Naamini kabisa kwamba kijana mmoja mwenye ujuzi huu, akiwa na vifaa vyake na pikipiki ya kumfikisha kwenye mashine, ana kazi ya kudumu kuliko vijana kumi wa kusukuma magogo.

Zipo fani nyingine za namna hiyo. Parachichi za Njombe na Rungwe zinahitaji vyumba vya baridi, na chumba cha baridi kikizima, mzigo hausubiri. Malori ya barabara ya Tunduma nayo yana mifumo ya umeme ambayo fundi wa spana peke yake haimudu. Tahadhari moja tu: usihesabu kazi ya mradi kama soko. Barabara au jengo kubwa likijengwa, waashi na wafunga nondo hutafutwa kwa wingi, kisha mradi ukiisha wote hubaki wakigombea nyumba za watu binafsi, hivyo uliza kama kazi hiyo itakuwepo baada ya miaka mitano.

Ukishapata fani, usilipe ada kwanza. Omba kuwa saidia fundi kwa wiki mbili, hata kwa nauli na chakula tu, ili ujue kama mwili na macho yako vinaikubali kazi hiyo. Baada ya hapo ndipo uende chuo cha ufundi stadi cha VETA cha Mbeya, Iringa au Makete, uulize iwapo fani yako inafundishwa hapo, na uwahi kuchukua fomu, kwa sababu mafunzo ya muda mrefu huanza Januari. Kwa viwanda vya misitu, chuo cha Serikali kipo Moshi, nacho kina kituo cha mafunzo Mafinga pia.

Kwa aliyejifunzia gereji au kwa mjomba wake, kurudi darasani miaka miwili si lazima. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi hupimwa kwa kazi anayoifanya na kupewa cheti akifaulu. Cheti hicho kina uzito, kwa kuwa kampuni nyingi humlipa kibarua asiye na cheti kwa kutwa hata kama anamfundisha kazi mwenye nacho. Kwa fundi umeme hatua ni moja zaidi, yaani leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na ni vyema aishughulikie mapema, kwa sababu mteja anayeomba kuunganishiwa umeme na TANESCO hutakiwa kuwa na mchoro wa nyaya za umeme za nyumba ulioandaliwa na mkandarasi mwenye leseni, na fundi asiyekuwa nayo huishia kutandaza nyaya huku malipo ya mchoro yakienda kwa mwingine.