Kilti ya kila siku: anza na kiuno

Ukiwa Uskoti na unataka kuvaa kilti, ile sketi ya wanaume yenye marinda, hata siku ya kwenda dukani tu, usiifunge nyongani kama jinzi. Inakaa juu, usawa wa kitovu, na pindo liishie katikati ya goti; ikishuka zaidi utaonekana umeazima. Koti la harusini liache kabatini: sweta, buti na kipochi cha ngozi kisicho na manyoya, kile kinachoning'inia mbele ya kilti, vinatosha. Upepo usikutie hofu, yadi 8 za sufu hazipeperuki ovyo. Kazi ipo kwenye kukaa: pitisha kiganja nyuma, lalaza marinda chini ya mapaja, kipochi kiangukie katikati ya miguu. Na kwa kuwa mbele vitambaa viwili hupandana, pini inayowekwa hapo ishike cha juu peke yake. Ukiunganisha vyote viwili, kilti itavutika na hata kuchanika.