Kujipanga ughaibuni: tulivyoanza na mlango wa jirani Leicester hadi tukafika Dhaka

Nilizaliwa Mwanza, binti wa Mgujarati muuza vitambaa, nikaolewa nikaletwa Leicester, Uingereza. Hapa nimekalia cherehani miaka kumi na tisa, katika viwanda vidogo vya ghorofani ambavyo kwa nje havina hata kibao. Mwaka 2020 sheria ya Uingereza ilitaka mtu wa miaka 25 na kuendelea alipwe angalau pauni 8.72 kwa saa. Sisi tulipewa 3.50. Tulishona saa 40 kwa wiki, lakini kwenye hati ya mshahara ziliandikwa saa 16 kwa kiwango kamili cha sheria. Piga hesabu utaona fedha ni karibu ile ile. Saa 24 zilizobaki hazikuwepo duniani.

Tangu mwaka huo kazi yangu ya jioni ni kuunganisha watu. Vijana wenye asili ya India, Pakistan na Bangladesh wananijia wakitaka kusimama na wafanyakazi wa huko walikotoka babu zao, na swali lao ni moja: tuanzie wapi? Nawajibu kwa yale tuliyoyafanya, pamoja na yale tuliyoyaharibu.

Anza na kinachomnyima mtu usingizi

Kikundi chetu cha kwanza kilianzia mbali. Ilikuwa majira ya baridi ya 2020, wakulima wa Punjab na Haryana wamepiga kambi mipakani mwa Delhi kupinga zile sheria tatu za kilimo. Tuliwapenda wakulima wale, wengi wetu tuna ndugu mashambani. Tukaandaa mkutano wa mtandaoni, tukatuma taarifa kwa watu mia mbili na zaidi. Waliingia kumi na mmoja, tisa kati yao wanafunzi wa chuo kikuu. Katika akina mama niliokuwa nashona nao bega kwa bega hakuingia hata mmoja. Nilipomuuliza mmoja wao akanijibu kwa upole, "Ben (yaani dada), wiki ya tatu hii sijalipwa. Nikisikiliza habari za Delhi, watoto watakula nini?"

Sikumlaumu. Niliacha kuandika matamko nikaanza kubisha hodi.

Kubisha hodi kuna adabu yake. Nendeni wawili, na kwa nyumba zetu awepo mwanamke, kwa sababu mchana mwenye kufungua mlango ni mwanamke. Usiende na karatasi mkononi. Mwenye karatasi hudhaniwa ametoka halmashauri au kwa mwenye nyumba. Chai ukikaribishwa kunywa, hata kama ni ya sita siku hiyo. Kisha uliza machache na unyamaze. Mimi huuliza matatu: wiki hii nini kimekuchosha? Nani mwingine unayemjua ana shida hiyo? Na barua usiyoielewa ikija, unampelekea nani?

Hilo la tatu ndilo ufunguo. Tulipotembelea nyumba arobaini na kitu za mtaa mmoja, nyumba kumi na nne zilitutajia mama yule yule, Mbengali wa Sylhet, Bangladesh, mpole, ambaye hajawahi kusimama kwenye mkutano wowote. Alikuwa akisomea watu barua zao. Waheshimiwa wenye vyeo kwenye jumuiya walitajwa mara mbili tu. Basi tukamfuata mama wa barua. Kila mtaa una mtu wa namna hiyo; usipompata yeye utapata ukumbi lakini hutapata watu.

Andika uliyoyasikia ukishatoka nje, si mbele ya mwenyeji. Na rudi. Mtu uliyemtembelea mara moja ukapotea atakuwa amejifunza kwamba ninyi ni kama wengine.

Lugha, saa na mahali

Wapunjabi walioanzisha Ghadar, harakati ya kudai uhuru wa India, kule San Francisco mwaka 1913 walikuwa wakisema na vibarua wa mashamba na wa viwanda vya mbao, na gazeti lao lilitoka kwa Kiurdu na kwa Kipunjabi, lugha za wasomaji wake. Sisi pia ujumbe wetu wa sauti hutoka kwa Kigujarati, Kipunjabi, Kisylheti na Kiurdu. Ujumbe wa sauti, nasema, kwa kuwa shangazi zetu wengi husikiliza, hawasomi.

Na kuna Kiswahili. Leicester imejaa watu waliotoka Kampala, Nairobi, Dar na Zanzibar, wengi walifika baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, ingawa halmashauri ya mji ilikuwa imetoa tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwasihi wasije. Kikao chetu kimoja kilikuwa kimegawanyika: Wahindu wa Kigujarati upande huu, Waislamu upande ule, kila upande na lugha yake. Nikamwamkia mzee mmoja Mwislamu, Khoja wa Zanzibar, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akauliza natoka wapi, na mama wa Kihindu aliyekulia Jinja akadakia kwa Kiswahili cha Uganda. Chumba kilicheka, kiti kikasogezwa. Lugha hii haina hekalu wala msikiti, kila mmoja pale aliizungumza utotoni akitumwa dukani. Kama mna lugha ya namna hiyo kati yenu, itumieni kufungulia vikao vigumu.

Saa: si Ijumaa mchana, si katika zile usiku tisa za Navratri, sikukuu ya Wahindu, na Ramadhani ni baada ya futari au kesho yake. Mahali: langar, yaani jiko la bure la gurdwara, hekalu la Masingasinga, hulisha kila ajaye bila kuuliza dini yake, na mazungumzo mengi mazuri nimeyafanya sakafuni pale. Lakini mahekalu, misikiti na gurdwara nyingi hapa ni taasisi za hisani kisheria. Zinaruhusiwa kusemea jambo linalohusu malengo yao. Haziruhusiwi kuunga mkono chama cha siasa. Usimwingize mwenyeji wako matatani. Mikutano ya maamuzi tunaifanyia chumba cha maktaba, watoto wakiwa na mtu wa kuwaangalia humo humo ndani. Tulipowaweka chumba cha pili, mama zao hawakutulia.

Mipaka tuliyokuja nayo mizigoni

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vikundi vingi hufia.

Septemba 2022 vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walikabiliana mitaani kwetu. Simu zilijaa video. Moja niliyotumiwa na binamu yangu tuliifuatilia, kumbe si ya mji wetu kabisa. Usiku ule kilichotusaidia ni kitu tulichokuwa tumekijenga miezi mingi kabla bila kujua: watu wawili wa kila upande waliokuwa wamekwisha kula pamoja, wakajuana majina ya watoto, na wenye namba za simu za kila mmoja. Video ikija, hairushwi popote mpaka mmoja wa hao apigiwe aulizwe, "Hapo mtaani kwako kuna nini?" Anzisheni mnyororo huo wakati wa amani. Wakati wa moto hautajengeka.

Jambo la pili ni jati, yale matabaka ya kuzaliwa nayo. Watu wetu wengi watakuapia kwamba jati ilibaki kule kwa mababu. Tazama nani anaosha vikombe baada ya kikao. Sikiliza lile swali la "jina la ukoo wenu ni nani?" linaulizwa kwa nani, na uso wa anayeulizwa. Dada mmoja Mdaliti, wa tabaka linalodharauliwa kuliko yote, aliacha kuja kwetu baada ya vikao vitatu. Nilipomfuata nyumbani alinieleza sababu, na ilinichoma kwa kuwa nilikuwepo sikuona. Sasa vikombe vina zamu iliyoandikwa, na majina ya ukoo hayaulizwi mlangoni. Februari 2023 Seattle ilikuwa mji wa kwanza Marekani kupiga marufuku ubaguzi wa jati kwa sheria, na kazi hiyo ilifanywa na watu wa ughaibuni wenyewe. Nanyi msiogope kulitaja.

Pigania jambo dogo hadi lipatikane

Jambo letu lilikuwa zile saa 24. Tuliwaambia akina mama kila mmoja awe na kijidaftari: saa ya kuingia, saa ya kutoka, kila siku, kwa mkono wake mwenyewe. Apige picha ratiba ya ukutani na kila hati ya mshahara. Kisha wajiunge na chama cha wafanyakazi, wengi kwa pamoja, si mmoja mmoja. Malalamiko ya kima cha chini yanaweza kupelekwa HMRC, mamlaka ya kodi, bila mwajiri kutajiwa jina lako. Muda wa kufungua shauri la kazi ni mfupi, kwa hiyo mtafuteni mshauri wiki ile ile. Na viza ya mtu usiishauri kabisa: hapa Uingereza kutoa ushauri wa uhamiaji bila kibali ni kosa la jinai, na neno lako moja la kubahatisha linaweza kumrudisha mtu kwao.

Akina mama tisa walilipwa sehemu ya haki yao. Wawili walikosa kazi, tukawachangia kodi ya nyumba miezi miwili. Mfuko huo uwepo kabla ya mapambano, uwe na saini mbili, na hesabu yake isomwe kwa sauti kila mwezi.

Wanaokata tamaa nawasimulia habari za hapa hapa. Mei 1974 wafanyakazi wa Kiasia wa kiwanda cha taipureta cha Imperial Typewriters, wengi wakiwa wametoka Afrika Mashariki, waligoma Leicester kwa kupunjwa bonasi, na wakubwa wa chama chao cha wafanyakazi hawakuwaunga mkono. Miaka miwili baadaye, Agosti 1976, Jayaben Desai, mama mfupi wa Kigujarati aliyewahi kuishi Tanganyika, aligoma akatoka nje ya kiwanda cha kusafishia picha cha Grunwick, London. Wagomaji walizunguka nchi nzima wakiingia viwandani na kwenye vikao vya wenzao kueleza shida yao. Ndiyo sababu wafanyakazi wa posta wa Cricklewood walikataa kubeba barua za kampuni, na wachimba makaa wa Yorkshire wakaja kusimama nao langoni. Mgomo ulikwisha Julai 1978 bila ushindi. Kile nilichokichukua ni ile safari: nenda mwenyewe, ueleze kwa mdomo wako.

Na kura. Wengi hawajui kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali, awe wa India, Pakistan, Bangladesh, Sri Lanka, Kenya au Tanzania, ana haki ya kupiga kura Uingereza bila kuwa raia, na pasipoti ya kwao inakubalika kituoni kama kitambulisho. Jioni moja mlangoni na simu yenye intaneti inatosha kuandikisha ukoo mzima.

Mkono ufike ng'ambo

Baada ya haya ndipo Dhaka ilipokuja yenyewe. Mwishoni mwa 2023 washonaji wa Bangladesh waligoma wakidai kima cha chini cha taka 23,000 kwa mwezi. Serikali ikatangaza 12,500, na wafanyakazi waliuawa katika ghasia zile. Mama wa barua ana mpwa wake kiwandani kule. Akaleta kikaoni ujumbe wa sauti wa mpwa huyo, na wanawake ambao mwaka 2020 hawakutaka kusikia habari za Delhi walisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu kazi iliyosimuliwa ilikuwa yao: sindano, malengo ya kila saa, ruhusa ya choo.

Kabla ya kufanya lolote tuliwauliza washonaji wa kule: mnataka tufanye nini, hamtaki tufanye nini, na nani kwenu mwenye kauli? Walisema hawataki tuhimize watu kususia nguo, maana oda zikikatwa wao ndio wanaokosa kazi. Walitaka kampuni zenye chapa ziandikiwe barua kwa jina la kila kiwanda. Tukaandika. Kila Aprili 24 pia tunasimama mbele ya maduka kuwakumbuka watu 1,134 waliokufa Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo karibu na Dhaka, lilipoporomoka mwaka 2013. Kusimama mahali pamoja hakuhitaji taarifa. Mkiandamana barabarani, polisi wapewe taarifa ya maandishi siku sita kamili kabla.

Tahadhari moja isipuuzwe. Serikali za kule husoma mitandao. Kadi ya OCI, inayomruhusu mtu mwenye asili ya India kuingia na kuishi kule bila viza, inaweza kufutwa, viza inaweza kunyimwa, na ndugu aliyebaki anaweza kugongewa mlango. Hakuna picha ya uso bila ruhusa ya mwenyewe, hakuna orodha ya majina kwenye kundi la WhatsApp. Mwenye mama mgonjwa Ahmedabad, India, ana haki ya kupika na kukunja vipeperushi bila kuonekana, na asiitwe mwoga.

Mwezi uliopita yule mpwa alituma sauti nyingine. Safari hii alikuwa na swali: "Na ninyi huko, khala (yaani mama mdogo), mnalipwa ngapi kwa saa?" Chumba kilikaa kimya. Mama mmoja akafungua mkoba, akatoa zile hati zake za mwaka 2020 zenye saa 16, na kijidaftari. Tukavipiga picha tukafunika jina lake, tukampelekea. Sasa mpwa na wenzake wanataka tuwafundishe namna ya kuweka hivyo vijidaftari, na Alhamisi hii ndiyo somo la kwanza.